Ukishamwona, Unamfanyaje?

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Kwa mambo mengi walikuwa sahihi. Kwa habari ya ndege nawapinga kwa heshima zote. Mwulize mkazi yeyote wa Dar es Salaam ameona ndege gani tangu asubuhi. Atasema kunguru. Akifikiri kidogo ataongeza njiwa na shomoro, na mwewe pia ikiwa nyumbani kwake kuna vifaranga. Baada ya hapo majina yanamwishia, na waliobaki wote wanakuwa "vindege". Tanzania ina zaidi ya spishi 1,100 za ndege, na Kenya haiko nyuma sana. Nyingi zinaishi misituni na mbugani, lakini makumi kadhaa hukatiza juu ya vichwa vyetu tukiwa tumesimama kituoni tunagombea daladala. Macho tunayo. Aliyekosekana ni wa kutuambia tutazame.

Ukimshauri mtu aanze kutazama ndege kwa kujifurahisha tu, mara nyingi atakujibu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Picha iliyomkaa kichwani ni ya mtalii mwenye kofia ya kaki, amesimama kwenye gari lililofunguliwa paa, shingoni kaning'iniza darubini ya bei mbaya. Picha hiyo ina chanzo chake. Kitabu kinachotegemewa zaidi na watazamaji wa ukanda huu, kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe kilichotoka mwaka 2002, kinaeleza zaidi ya spishi 1,300 za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, na kiliandikwa kwa Kiingereza. Hifadhi nazo zina viingilio, na safari ina nauli. Lakini hayo ni ya mbele huko. Anayeanza anahitaji ndege mmoja asiyeweza kumkwepa, na kwa mtu wa pwani ndege huyo ni kunguru.

Mtazame vizuri pale juu ya nguzo ya umeme karibu na jalala. Yule mwembamba, mweusi wa kung'aa mabawani na usoni, mwenye rangi ya kijivu kuanzia kisogoni hadi kifuani, ni kunguru wa India, ambaye Mombasa wengi humwita kurabu. Huyo ni mgeni. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, Waingereza walipokuwa wameshaiweka chini ya himaya yao, ili asaidie kula taka za mji. Taka alikula, kisha akavuka bahari na kutapakaa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na miji mingine ya pwani, akila mayai na makinda ya ndege wengine na kuwafukuza wakubwa wao kwa makundi. Sasa mtafute wa pili: mkubwa kidogo, mwili mweusi, kifua cheupe, na weupe huo umezunguka hadi nyuma ya shingo. Huyo ndiye kunguru mwenyeji, aliyeenea sehemu kubwa ya Afrika kusini ya Sahara. Ukisafiri kwenda bara utamwona bila shida. Katikati ya Dar inabidi umtafute. Kwa kulinganisha shingo mbili tu umeshapata historia ya mji, na uamuzi uliopitishwa ofisini zaidi ya miaka 120 iliyopita ambao bado unatua juu ya mabati yetu kila kunapopambazuka.

Kulinganisha ndiyo kazi yenyewe. Mtu mpya hukimbilia rangi, na rangi ndiyo inayodanganya kuliko vyote, kwa sababu mwanga wa jua la saa nne humfanya ndege wa kijani aonekane mweusi. Anza na ukubwa: anamzidi shomoro, anamfikia njiwa? Fuata mdomo: mfupi mnene wa kuvunja mbegu, au mrefu uliopinda wa kufyonza maua? Kisha miguu, mkia, mahali alipotua, na anachofanya. Chozi akiwa kwenye ua la mpapai au la mgomba hujulikana kwa mdomo wake uliopinda na haraka yake hata kama hujaona rangi moja ya mwili wake. Yangeyange hujulikana kwa kuandamana na ng'ombe. Rangi iwe ya mwisho, kama shahidi wa kuthibitisha kesi ambayo umeshaijua.

Vifaa ni vichache. Darubini huandikwa namba mbili, kwa mfano 8x42: ya kwanza ni mara ngapi inavuta, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Muuzaji atakusukumia yenye namba kubwa akidai inaona hadi mwezini. Usimsikilize. Ikivuta kupita kiasi, kila tetemeko la mkono nalo linavutwa, na ndege anacheza ndani ya kioo usimpate. Mara nane inatosha kabisa. Na usizungushe darubini hewani ukimtafuta ndege. Mkazie macho kwanza, kisha iinue hadi machoni bila kumwachia. Wakati mzuri ni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, kabla jua halijawachosha nyote wawili. Mwenye simu anaweza kuweka programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell, ambayo humuuliza maswali machache na kumletea majina ya kuchagua. Inasaidia, mradi uwe umeshamtazama ndege kabla ya kuitazama simu.

Mjini darubini ina balaa yake. Ukiiinua mtaani, jirani wa ghorofa ya pili atadhani unachungulia dirisha lake. Ukiiinua karibu na kambi ya jeshi, bandari au jengo la serikali, utaulizwa maswali ambayo jibu la "natazama ndege" halitamridhisha anayeuliza. Dawa ya la kwanza ni salamu: bisha hodi, jitambulishe, eleza, na ukipata nafasi mpe mwenye nyumba naye atazame. Dawa ya la pili ni kukaa mbali. Watoto ni rahisi zaidi. Watajipanga mstari bila kuambiwa, na wa tatu au wa nne atakuonyesha kiota ambacho wewe umekipita kila siku.

Swali gumu nililipata kwa mzee mmoja mvuvi ufukweni Kunduchi, maji yakiwa yamekupwa, yeye kakaa chini anashona nyavu. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akanitazama na darubini yangu.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Natazama ndege, mzee."

Akavuta uzi, akakaza fundo. "Sasa ukishamwona, unamfanyaje?"

Swali hilo lina haki zote. Katika maisha ya wengi wetu, ndege ametazamwa kwa sababu inayoeleweka. Mtoto wa mkulima wa mpunga anaamka alfajiri kwenda kuamia, kwa sababu kwelea kwelea wakitua shambani wala hawabakizi kitu. Mtoto mwingine anatazama kwa jicho la manati, au anatega ulimbo. Mkulima anamsikiliza tipitipi, sauti yake inayoshuka kama maji yanayomiminwa kutoka chupa yenye shingo nyembamba, na kusema mvua iko njiani. Usiku bundi akilia juu ya paa, mwenye nyumba anafikiria msiba. Kila mmoja hapo ana shughuli na ndege. Mtu anayetembea kilomita kadhaa kumtazama ndege ambaye hamli, hamfukuzi, hamtegi wala hamwogopi, amefanya jambo ambalo kweli linadai maelezo.

Na kabla ya kujitetea, mtazamaji wa kujifurahisha akubali kwamba hao wenye shughuli wamemtangulia. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliopiga kambi kwenye milima ya Udzungwa waliona ndani ya sufuria ya chakula miguu ya ndege wasiyemfahamu. Walipomfuatilia akiwa hai, alikuwa kwale wa msituni ambaye sayansi haikuwa na habari naye, tena mwenye ndugu zake wa karibu huko Asia. Mwaka 1994 alipewa jina rasmi la kisayansi. Watu waliokuwa wakimtega walimjua siku zote, na walijua pa kumpata, muda anaotembea, na ladha ya nyama yake.

Mfano wa pili ni mlembe, ndege mdogo wa rangi ya udongo asiye na uzuri wa kumsimamisha mtu. Huyu humjia mwanadamu akipiga kelele, akaruka kutoka mti hadi mti akimwongoza hadi kwenye mzinga wa nyuki wa porini. Mtu akishatoa asali, mlembe anakula nta na majana yaliyobaki. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi humwita kwa mluzi. Kaskazini mwa Kenya, Waborana wamekuwa wakisema tangu zamani kwamba ndege huyu humweleza mtu mzinga uko upande gani na uko umbali gani. Mtafiti Mkenya Hussein Isack na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walikwenda kuyapima maneno hayo, na mwaka 1989 wakachapisha matokeo katika jarida la Science: Waborana walikuwa sahihi. Bila ndege, wastani wa kutafuta mzinga ulikuwa karibu saa tisa. Kwa kuongozwa naye, saa tatu na ushei. Hakuna kitabu cha picha kinachofundisha kutazama namna hiyo.

Kwa hiyo anayeanza leo hana sababu ya kujiona anaingia uwanja wa wageni. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi na Watamu, yuko bundi mdogo mwenye urefu wa sentimita 16 hivi, anayelala mchana katikati ya vichaka vyenye rangi ileile ya manyoya yake. Watazamaji hutoka mbali duniani kuja kumwona, na wakifika humtegemea kijana wa hapohapo aliyekulia pembezoni mwa msitu, ambaye anajua tawi. Ujuzi uliokuwa wa kutafuta kuni, asali na nyama umegeuka kuwa kazi ya kuongoza wageni. Macho ni yaleyale, yamebadilishiwa shughuli.

Lakini swali la mzee bado liko palepale, maana mimi siye mwongoza wageni. Ukishamwona, unamfanyaje?

Jibu langu la kwanza lilikuwa mbele yetu wote wawili, kwenye tope. Vitwitwi walikuwa wakikimbia ukingoni mwa maji, wadogo, wa kijivu, wakichoma mchanga kwa midomo bila kupumzika. Miongoni mwao wamo wanaozaliwa kaskazini kabisa ya Siberia, mahali ambapo majira ya joto hudumu majuma machache. Mmoja wao mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo ana uzito wa gramu 60 hivi, na huruka masafa hayo yote kuja kula kwenye fukwe zetu. Huanza kuonekana upepo wa kusi ukielekea ukingoni, hukaa kaskazi nzima, na huanza kuondoka karibu na masika. Ukimchunguza Aprili kabla hajaondoka, utaona kifua cha kijivu kimeanza kupata madoa mekundu ya kahawia: amevaa tayari kwa harusi ya huko aendako.

Mbali kidogo, pale maji yalipobaki kwenye vidimbwi, walisimama ndege wengine weupe wenye migongo myeusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi, wakivizia kaa. Watazamaji wanaowasafiria huwapata Mida karibu na Watamu, Tanga na kwenye fukwe za Zanzibar. Hawa huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya Omani, Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu. Tofauti na jamaa zao wa fukweni, wao huchimba shimo mchangani na kutaga yai jeupe humo ndani, nalo huatamiwa kwa msaada wa joto la mchanga. Wakimaliza kulea hushuka pwani ya Afrika Mashariki. Njia kati ya Maskati na Unguja tumeisoma shuleni kwa habari za majahazi, tende na chumvi. Hawa wanaipita kila mwaka hadi leo, bila pasi wala ushuru.

Nilimweleza mzee hayo kwa kifupi. Akasema hao wa tope anawajua, wakianza kujaa yeye anajua mwaka umegeuka. Ndipo nikaona tofauti yetu ni ndogo kuliko nilivyodhani. Yeye anawatumia kujua majira kwa ajili ya nyavu zake. Mimi, mtu wa ofisini ambaye kiyoyozi kimenifutia kusi na kaskazi, nawatumia kuyarudisha majira maishani mwangu. Ukishamwona ndege kwa mwaka mzima, unajua uko mwezi gani na uko wapi. Watu wa mjini wasiojua mambo hayo mawili ni wengi kuliko tunavyokubali.

Jibu la pili linahusu ndege asiyesafiri. Tafuta mti wenye viota vya mnana, na kwenye miji yetu haukosekani, iwe mnazi au mti wa uani. Kaa chini yake. Anayesuka ni dume. Anachana ukanda mwembamba wa jani, anaufunga kwenye kitawi kwa mdomo na kidole, anatengeneza kitanzi, anasimama ndani yake na kusuka kuzunguka mwili wake mwenyewe. Kiota kikikamilika huning'inia chini yake akipiga mabawa na kupayuka ili jike aje kukagua. Jike huingia, hupekua, huvuta nyuzi kuona kama zimekaza, na mara nyingi huondoka zake. Kiota cha kijani humvutia. Kikishakauka na kuwa cha kahawia, thamani yake inashuka. Dume asiyepata mchumba hukibomoa kwa mdomo uleule uliokisuka, akaanza upya. Hayo yote yanatokea juu ya benchi la bodaboda, na pale chini mazungumzo ni ya mpira.

Wapo wanaogeuza burudani hii kuwa mashindano ya kuhesabu, fulani ana spishi 400, fulani ana 700. Sina ugomvi nao. Hesabu ina raha yake, na inamtoa mtu nyumbani. Lakini anayeanza na hesabu hujifunza kumwacha ndege mara tu akishamtambua, wakati kutambua ndiyo kwanza mlango. Afadhali uchague sehemu moja, uwanja wa shule, makaburi yenye miti, ukingo wa mto, bwawa la majitaka, ufukwe, uirudie mwaka mzima. Utajua wa kudumu ni akina nani na wapita njia ni akina nani. Siku ndege fulani asipokuwepo utagundua, na kugundua aliyekosekana ni ujuzi mkubwa kuliko kumtambua aliyepo.

Ukiweza, usitembee peke yako. Nairobi, chama cha Nature Kenya, chenye mizizi katika jumuiya ya wapenda historia ya asili iliyoundwa mwaka 1909, kimejulikana kwa miongo mingi kwa matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, ambayo Fleur Ng'weno aliyaanzisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wanafunzi wengi walioanza pale bila darubini wamekuwa waongoza wageni na watafiti. Pale ambapo hakuna chama, wawili wanatosha: mmoja anatazama, mwingine anaandika.

Adabu nazo zina nafasi. Kiota kina mwenyewe. Ukisogea hadi mzazi akaruka, umeshawaonyesha kunguru pa kwenda. Usimwite ndege kwa sauti ya kurekodiwa mara kwa mara, anaacha kula na kulea akidhani kaingiliwa na mpinzani. Na bundi, tafadhali, tumwache. Anayeishi darini kwako anakula panya walewale wanaotoboa gunia lako la mchele, na msiba haujawahi kuhitaji bundi ili uingie nyumbani.

La mwisho ni kuandika. Mradi wa Tanzania Bird Atlas na ule wa Kenya Bird Map imejengwa kwa kumbukumbu za watu wa kujitolea, wengi wao wasio wanasayansi, walioandika tarehe, mahali, jina la ndege na idadi. Kumbukumbu hizo ndizo zinazoonyesha ni ndege gani anapungua na ni wapi anahamia. Kumbukumbu huwa nyingi pale wageni wanapotembelea. Mitaa yetu ya kawaida, tunakoishi wengi, huandikwa kwa nadra. Hapo wewe huna mpinzani. Anza kesho asubuhi, andika ndege watano unaowajua na wawili usiowajua, eleza midomo na miguu yao kwa maneno yako, kisha rudi kesho kutwa. Nunua daftari kwanza. Darubini inaweza kusubiri mwisho wa mwezi.